Mito Mitatu ya Burma

Leo sina mahubiri marefu. Nataka kuwasimulia habari za mito mitatu ya nchi ya Burma, ambayo leo huitwa Myanmar, na jinsi mito hiyo ilivyogeuza Vita Vikuu vya Pili katika upande ule wa dunia.

Babu yangu, mzaa baba, alikuwa askari wa Keya. Nyumbani kwake palikuwa na koti zito la kijeshi lililotobolewa na nondo, na begani mwake palishonwa kitambaa chenye kichwa cha kifaru, yule mnyama wa pembe. Hiyo ilikuwa alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Nilipokuwa mtoto nilimwuliza vita vilikuwaje, nikitazamia kusikia habari za bunduki na mizinga. Babu hakunieleza bunduki. Alinieleza maji: mvua, matope, na mito ambayo ilibidi kuivuka mtu akiwa amebeba mzigo wake kichwani.

Wenye kusoma Biblia hawatashangaa. Nabii Yeremia, katika sura ya 46, anataja jeshi la Farao lililoshindwa huko Karkemishi, kando ya mto Frati, na tangu siku hiyo Misri haikuwa tena na nguvu katika nchi zile. Na katika Waamuzi sura ya 12 watu wa Gileadi walivishika vivuko vya Yordani, na kila aliyeshindwa kulitamka vizuri neno Shibolethi hakuvuka. Mwenye kushika kivuko ameshika vita. Wazee wale waliyajua hayo bila kwenda chuo cha kijeshi.

Basi tuanze na mto Sittang.

Wajapani waliingia Burma mwanzoni mwa mwaka 1942, wakitoka upande wa Siam, nchi tuiitayo leo Thailand. Nia yao ilikuwa kuukamata mji wa Rangoon, uliokuwa na bandari kubwa, na kuifunga njia iliyopeleka silaha China. Waingereza walikuwa na Divisheni ya 17 ya Kihindi, jeshi lenye vijana wengi ambao mafunzo yao hayajakamilika, chini ya Jenerali John Smyth. Walirudi nyuma siku baada ya siku mpaka wakafika Sittang, mto mpana wenye mkondo wa kutisha. Daraja lilikuwa moja tu, daraja la reli, nao walikuwa wamelitegea baruti ili adui asilitumie.

Usiku wa tarehe 22 Februari 1942, sehemu ndogo ya divisheni ilikuwa imekwisha kuvuka. Sehemu kubwa, karibu brigedi mbili nzima, ilikuwa bado ng'ambo ya mashariki, imekatizwa njiani na Wajapani. Maofisa waliolilinda daraja walisikia milio ya bunduki ikikaribia. Hawakujua kwa hakika ni nani aliye hai huko mbele. Wakapiga simu kwa Jenerali Smyth. Daraja likitekwa zima, njia ya Rangoon i wazi. Daraja likilipuliwa, wenzao waliobaki ng'ambo wamekwisha.

Nawaomba mfikiri kidogo juu ya watu wale usiku ule. Mimi si askari, wala sikai katika kiti cha kumhukumu mtu. Nimeisoma habari hii mara nyingi na kila mara natafuta mlango wa tatu, lakini siuoni. Smyth alitoa ruhusa, na alfajiri ya tarehe 23 daraja likalipuliwa. Husimuliwa kwamba baada ya kishindo kile bunduki zote zilinyamaza, za pande zote mbili, kwa maana kila mtu alielewa kilichotokea.

Askari walioachwa ng'ambo walivua viatu, wakatupa silaha, wakafunga mianzi na madebe kuwa maboya, wakajitupa majini. Wengi wao walikuwa Wagurkha, watu wa milimani Nepal, ambao hawakujua kuogelea. Wengi walizama. Waliofika ukingo wa pili hawakuwa na bunduki, na wengine hawakuwa na nguo. Divisheni ilikuwa imevunjika. Rangoon ikaanguka tarehe 8 Machi, majuma mawili tu baadaye, na Smyth akaondolewa katika kazi yake, asipewe tena jeshi la kuongoza.

Liwekeni moyoni jina la ofisa mmoja, Cowan, aliyekuwa msaidizi wa Smyth siku ile. Yeye ndiye aliyepewa divisheni ile iliyovunjika. Tutakutana naye tena.

Mto wa pili ni Chindwin, ulio kaskazini-magharibi, karibu na mpaka wa Bara Hindi. Mwezi wa Mei 1942 jeshi la Waingereza lililokuwa likikimbia liliuvuka mto huu karibu na Kalewa, likaviacha vifaru vyake vya chuma ukingoni kwa sababu hapakuwa na njia ya kuvivusha. Aliyeongoza safari ile ya kurudi alikuwa Jenerali William Slim. Alifika India na watu waliochoka, wagonjwa wa malaria, nguo zimeraruka. Lakini walikuwa bado ni jeshi.

Miaka miwili ilipita. Mwezi wa Machi 1944 Wajapani nao wakauvuka Chindwin, safari hii wakielekea India. Jenerali Mutaguchi aliongoza divisheni tatu kwenda kuiteka miji ya Imphal na Kohima. Chakula walichochukua kilikuwa cha majuma matatu hivi, na Mutaguchi alifikiri kwamba watu wake wataswaga ng'ombe na kula nyama njiani. Wasikilizaji wetu wafugaji watacheka, tena watasikitika. Ng'ombe wa kulimia, aliyezoea bonde, hawezi kupandishwa milima yenye msitu kwa mwendo wa askari. Wengi walikufa maji palepale Chindwin, na wengine walianguka magengeni. Imphal haikutekwa wala Kohima haikutekwa. Mvua ya masika ikashuka, na jeshi la Mutaguchi likaanza kufa njaa.

Yuko Jenerali mmoja wa Kijapani, Sato Kotoku, ambaye sijui kama nimhesabu mwasi au mchungaji. Yeye aliongoza divisheni iliyopigana Kohima. Aliomba chakula na risasi, hakuletewa. Aliambiwa aendelee kupigana, naye akakataa. Mwishoni mwa Mei akaanza kuwaondoa watu wake bila ruhusa. Katika jeshi la Japani jambo hilo lilikuwa karibu halifikiriki. Alitaka ashtakiwe mahakamani ili aseme yote hadharani, lakini wakubwa wake walionelea afadhali wamtangaze kuwa akili zake si timamu. Katika vita vile vya Imphal na Kohima Wajapani walipoteza watu zaidi ya 50,000, waliokufa na waliojeruhiwa, na wengi wa waliokufa waliuawa na njaa na maradhi, si risasi.

Hapa ndipo watu wetu wanapoingia. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa na askari kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Kiswahili kiliwaunganisha, ingawa babu alisema Kiswahili cha Keya kingemwumiza kichwa mwalimu yeyote wa Mombasa. Walisafiri kwa meli mpaka Ceylon, leo Sri Lanka, wakafundishwa vita vya msituni.

Lakini si wote waliofika. Mwezi wa Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo, imebeba askari wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi wanawake na wengine wengi. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldives, manowari ya Kijapani iendayo chini ya maji iliipiga. Meli ilizama kwa dakika chache tu. Kisha manowari ile ikajificha chini ya watu waliokuwa wakielea. Wakubwa wa manowari za Kiingereza zilizoisindikiza wakawa na shauri lilelile la Sittang: wakiiacha, itazamisha meli nyingine nne zilizokuwa katika msafara, wakiipiga, mabomu yatalipuka katikati ya watu wao wenyewe wanaopiga kelele za kuomba msaada. Wakayatupa mabomu. Siku ile walikufa watu karibu 1,300. Katika meli ile alikuwamo kijana wa kijiji chetu, rika la babu, waliyetahiriwa pamoja. Babu alipata habari akiwa Ceylon. Hakuwahi kuniambia anafikiri nini juu ya mabomu yale, nami sikuthubutu kumwuliza.

Mwezi wa Agosti 1944 divisheni ile ilipewa kazi ya kuwafuata Wajapani katika bonde la Kabaw. Ni bonde lenye sifa mbaya mno kwa malaria. Kila askari alimeza kidonge cha manjano kila siku, na ngozi za Wazungu zikageuka manjano kweli. Mvua haikukatika. Magari yalizama matopeni, barabara ikatandikwa magogo, na magogo nayo yakazama. Chakula kililetwa kwa ndege na kudondoshwa kwa miavuli. Mjini Tamu walikuta maiti za Wajapani kwa mamia, hawakuzikwa, na wengine wakiwa hai bado wamelala kati ya wafu bila nguvu ya kuinua mkono. Babu alisema pale ndipo alipoacha kuwachukia. Alitumia neno moja tu: "Walikuwa mifupa."

Mwanzoni mwa Desemba waliuteka mji wa Kalewa, wakauvuka Chindwin kwa mashua, adui akiwa bado milimani ng'ambo. Ndipo wahandisi wakaunganisha daraja la chuma la aina ya Bailey, linaloletwa vipande vipande na kufungwa kwa mikono, juu ya maboya makubwa. Lilikamilika tarehe 10 Desemba, urefu wake futi 1,154, na wakati huo hapakuwa na daraja la Bailey refu kuliko hilo popote duniani. Mahali palepale ambapo Slim aliviacha vifaru vyake mwaka 1942, sasa vifaru vilipita vikielekea mashariki. Divisheni ya 11 ikarudishwa nyuma kupumzika, na kwa wengi wao vita vilikwisha hapo.

Mto wa tatu ni Irrawaddy, mkubwa kuliko yote, ambao mahali pengine upana wake hupita maili moja.

Jenerali Slim alikuwa amekusudia kupigana na Wajapani upande wa huku wa mto. Lakini Jenerali wao mpya, Kimura, hakuwa mjinga. Aliyarudisha majeshi yake nyuma ya Irrawaddy, akingoja Waingereza wavuke awapige wakiwa majini. Slim akabadili shauri lake lote kwa siku chache. Kaskazini, karibu na Mandalay, aliliacha jeshi moja lipige kelele nyingi kana kwamba hapo ndipo penye vita. Jeshi la pili alilipeleka kusini kwa siri, maili zaidi ya 300 za njia ya vumbi na msitu, na nyuma yao, kule Tamu, akaacha makao ya uongo yakituma habari kwa simu za upepo, ili Wajapani wanaosikiliza wadhani hakuna aliyeondoka.

Mbele ya safari ile ya siri walitangulizwa Waafrika, Brigedi ya 28 ya Afrika Mashariki, yenye askari wa Uganda, Tanganyika na Somaliland. Walipewa kazi hiyo kwa hesabu. Wajapani walijua kwamba Divisheni ya 11 imekuwa katika sehemu zile, kwa hiyo wakiwaona Waafrika tu hawatastuka. Baadaye brigedi hiyo ilishuka mpaka Seikpyu, mkabala wa mji wa Chauk, ikajifanya ndiyo itakayovuka. Wajapani wakaamini, wakawashambulia vikali na kuwasukuma nyuma mpaka Letse. Ni kazi isiyo na sifa, kupigwa wewe ili mwenzako avuke salama mahali pengine. Vitabu vingi huwapa watu hao mistari miwili.

Vifaa vilikuwa haba, kwa kuwa Ulaya ndiyo iliyopewa kwanza. Kwa hiyo Slim alijenga kiwanda cha mashua ukingoni Kalewa. Miti ya msaji ilikatwa msituni, tembo wakaivuta, na mashua zaidi ya 500 zikaundwa. Alipata hata manowari ndogo mbili za mtoni, akaziita Pamela na Una, jina la pili likiwa la binti yake. Nasikia wakubwa wa majini walimkemea kwa kuzipa meli majina bila idhini.

Alfajiri ya tarehe 14 Februari 1945 walivuka Nyaungu. Mahali hapo palichaguliwa kwa kuwa palikuwa karibu na mpaka wa majeshi mawili ya Kijapani, na mpakani kila jirani hudhani mwenzake ndiye analinda. Kundi la kwanza lilipiga makasia kimya likafika. Kundi la pili likachelewa, mashine za mashua zikakataa kuwaka, mkondo ukawachukua, kukapambazuka wakiwa katikati ya mto, na bombomu zikaanza. Mashua zikarudi na waliokufa ndani. Kwa saa chache ilionekana kwamba shauri zima limeharibika. Kisha mizinga, vifaru na ndege vikaupiga ukingo ule kwa pamoja, na askari wa Punjab wakavuka mchana kweupe. Kusini kidogo, penye mahekalu ya kale ya Pagan, walitokea watu wenye bendera nyeupe. Hao walikuwa Wahindi waliojiunga na jeshi la Subhas Chandra Bose, wakiwa upande wa Japani ili India ipate uhuru. Kwa hiyo Mhindi alimsalimisha Mhindi, mmoja akimtumikia Mfalme wa Uingereza na mwingine akimpinga, na miaka miwili baadaye nchi yao wote ilikuwa huru.

Kutoka Nyaungu, Divisheni ya 17 ilikimbilia Meiktila, penye maghala na viwanja vya ndege vya Wajapani wote wa Burma ya kati. Jenerali wake alikuwa Cowan. Ndiyo, yule wa Sittang. Aliiteka Meiktila mwanzoni mwa Machi, akazungukwa, akashikilia karibu mwezi mzima huku chakula kikija kwa ndege. Katika siku zizo hizo aliletewa habari kwamba mwanawe amepigwa huko Mandalay, naye akafa. Cowan aliendelea na kazi. Mandalay ikaanguka tarehe 20 Machi, Rangoon ikaingiwa tarehe 3 Mei.

Na mwisho wa yote ulirudi palepale ulipoanzia. Mwezi wa Julai 1945, katika mvua, maelfu ya Wajapani waliokatiwa njia magharibi walijaribu kuuvuka Sittang kwenda mashariki. Mpango wao ulikuwa umekwisha kuangukia mikononi mwa Waingereza, na barabarani walikuwa wakingojewa, miongoni mwa wengine, na Divisheni ya 17. Walijifunga kwenye mianzi, wakajitupa majini, kama walivyofanya Wagurkha miaka mitatu kabla. Mto ulikuwa umefurika. Maiti zilielea mpaka baharini.

Watu wetu walirudi kwa meli, wakashuka Mombasa. Waruhiu Itote, aliyepigana Burma kisha akajulikana kama Jenerali China, ameandika katika kitabu chake cha mwaka 1967 jinsi mazungumzo na askari wa nchi nyingine yalivyomfumbua macho. Askari wa Kizungu walitengewa mashamba katika nyanda za juu. Askari Waafrika hawakutengewa. Huko karibu na Yangon, katika makaburi ya Taukkyan, yako mawe yenye majina karibu 27,000 ya wale ambao makaburi yao hayajulikani, na majina ya Kiafrika yamo. Mjini Nairobi tuna soko liitwalo Burma, na wengi wanaonunua nyama pale hawaulizi jina limetoka wapi.

Babu alifariki mwaka 1996. Karibu na kwetu pana mto mdogo wenye daraja la magogo, nasi tulilipita kila Jumapili kwenda kanisani. Desturi yake ilikuwa kusimama ukingoni, akiegemea fimbo, mpaka watu wote wapite, hata wanawake wenye watoto, hata sisi vijana wakorofi tuliochelewa kwa makusudi. Nilidhani anaogopa maji. Baadaye nyanya aliniambia kwamba kule Kalewa alifanya urafiki na dereva mmoja Mhindi aliyeponea Sittang, akamsimulia usiku wa daraja.

Jumapili moja ya mwisho mwisho nilikwisha kuvuka, nikageuka, nikamwona bado yuko ng'ambo peke yake.

"Wamevuka wote?" akaniuliza kwa sauti.

"Wote, babu."

Akatazama nyuma njiani mara moja tena, ndipo akaweka fimbo yake juu ya gogo la kwanza.